Nanga za Bangi Yangu

Jumanne, 12 Septemba
Redio ya Halifax imesema tufani inapanda kutoka kusini, Jumamosi iko hapa. Ije. Miaka arobaini na moja nimevua kambakoche, sijapoteza boti hata moja. Nitapoteza bangi? Ninayo mimea minne, ndiyo idadi inayoruhusiwa na sheria ya huku. Juni niliikata vilele, kila mmoja ukatoa matawi manne manene kama mkono wa nahodha. Maua mazito. Ndiyo hutoa mafuta ya kuchua vidole vinavyomuuma mke wangu Arleta, majira yote ya baridi. Mwaka jana yalishikwa na ukungu, akaenda kuomba kwa jirani, Verna Corkum. Mwaka huu haendi. Nimeapa.

Alhamisi, 14
Verna anafunga matawi yake kwa soksi kuukuu. Kayalegeza, yanaegemeana. Akaniita uani, eti Mzee Enos, tawi liachie nafasi, upepo ukija licheze. Nikamwambia bangi yangu haichezi, nitaifunga kama boti. Akasema basi ipe na usukani. Mwanamke huyu ana mdomo.

Ijumaa, 15
Nimemaliza. Kila mmea una mitego minne ya kambakoche, nimeijaza mawe iwe nanga. Kila tawi limevutwa nje upande wake, kamba imekaza mpaka ukiigusa inalia. Boti hufungwa hivyo, pembe nne. Arleta katoka na chai, akauliza mimea imekosa nini mbona naiadhibu. Nikamwambia arudi ndani.

Jumapili, 17
Tufani imepita. Mmea wa kwanza umepasuka katikati kama kuku. Wa pili vilevile. Wa tatu. Wa nne. Lakini mitego haikusogea hata inchi, hilo niliandike.
Ya Verna imesimama yote, inayumba kama walevi wametoka harusini.
Arleta kavaa koti. Kaenda kwa Verna. Karudi na kopo. Verna kamwambia atampa mafuta mpaka theluji iyeyuke, naye amsamehe bure mumewe, wavuvi ndivyo walivyo. Sikula chakula cha jioni.

Jumatano, 20
Kesho upepo mwingine. Verna yuko kwa bintiye hadi Ijumaa, na bangi yake imeshikwa na soksi tu. Nimeona haya. Mama wa watu ametutendea wema, nami nikae nitazame?
Nimeruka ua na kamba zangu. Soksi nimezitupa. Kosa la juzi nimelijua, mitego ilikuwa michache. Safari hii kila mmea una minane, na nimekaza kweli.
Verna akirudi hataamini macho yake.