Imebaki Vifungo Tu

Jumatatu, 3 Machi
Mke wangu amerudi kazini leo. Mama mkwe alijitolea kukaa na Redio, binti yetu wa miaka miwili na nusu. Nikamshukuru, nikakataa. Fundi anayemudu cherehani mbili atashindwaje na mdomo mmoja?

Hadi saa nne alishauliza jina la kila kitu katika chumba changu cha kushonea. Kisha akaanza upya.

Saa sita akaingia mwalimu mkuu kuulizia suti yake. Huyu si mteja wa kuchezea. Suti ikimkaa vizuri, sare za shule nzima ni zangu. Isipomkaa, ni za Miwani, fundi wa ng'ambo ya barabara. Nikasema tunachosema mafundi wote: imebaki vifungo tu.

Redio akasema kitambaa kiko chini ya meza, paka amekilalia. Akakivuta, na paka juu yake.

Nimepewa hadi Ijumaa mchana. Muda tele!

Jumanne, 4 Machi
Mbinu: mchezo wa kunyamaza. Atakayesema ameshindwa.

Redio akanyamaza. Akanitangazia kwamba amenyamaza. Baada ya dakika moja, kwamba bado amenyamaza. Nikamwambia vizuri. Akapiga makofi: baba amesema, baba ameshindwa!

Nimeshindwa mara sita. Kitambaa hakijaguswa, ila na paka.

Jumatano, 5 Machi
Nimekata suti! Redio kaning'ang'ania asubuhi nzima: mikono yote miwili inaangalia mlango. Nikamweleza kwamba mikono ya suti haina macho.

Kisha likanijia wazo. Kama lazima aseme, basi aseme yenye faida. Nikamfundisha: imebaki vifungo tu. Kashika mara moja, kichwa cha babake hicho! Mteja aliyekuja kuchukua suruali yake, iliyokwisha kushonwa kabisa, akaambiwa hivyo hivyo na Redio, akaondoka amenuna, suruali kaiacha. Jioni mama yake akamuuliza kama ameshaoga. Imebaki vifungo tu.

Mama yake hakucheka. Aliniangalia mimi.

Alhamisi, 6 Machi
Leo nimejipita kwa ujanja. Nimempeleka Redio kwa Miwani, eti nina dharura. Akamwongeleshe yeye, tuone atashona nini! Huku kwangu kimya, mpaka nasikia tumbo likinguruma. Nikashona bila kuinua kichwa.

Jioni nikaenda kumchukua, nikitegemea kumkuta Miwani hoi. Wapi! Amemaliza magauni matatu, na Redio yuko juu ya meza anampasha habari zote za kwangu. Miwani akaniuliza kwa upole kama mikono ya suti bado inaangalia mlango.

Wivu tu.

Ijumaa, 7 Machi
Mwalimu mkuu akafika, akavaa. Mkono wa kushoto safi. Wa kulia ukagoma: umepinda kuelekea nyuma, kama wa mtu anayetaka kujikuna mgongo. Nilikata mikono miwili ya kushoto.

Redio akasema yeye alishasema.

Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini mwalimu mkuu alicheka mpaka akaketi. Akasema penye mtoto huyu hapafichiki kitu, na hilo amelipenda. Kitambaa kimebaki cha kutosha mkono mmoja. Nimepewa hadi Jumatatu. Machozi yalinilenga, sifichi.

Jumapili, 9 Machi
Mkono bado sijaukata. Kwani mkono mmoja ni kazi? Nusu saa!

Saa kumi mwalimu mkuu akapiga simu. Suti imefikia wapi? Redio alikuwa amelala chini ya meza na paka wake. Nikajibu kwa sauti ya chini: imebaki vifungo tu.

Kumbe hajalala. Akapaza sauti kwamba baba hajakata mkono, na kitambaa paka amekilalia tena.

Simu ikakatika. Nikachungulia dirishani. Mwalimu mkuu alikuwa amesimama mlangoni kwa Miwani, simu bado mkononi, na Miwani anamvutia kiti.

Nimekaa nikajichunguza kwa dhati, kiume. Kosa nimeliona, na ni langu: sikumfundisha mtoto kunong'ona. Tunaanza kesho asubuhi.