Tumbo Lisilo na Mwenyewe

Tulimalize mapema lile lenye aibu: siku ile mjinga alikuwa Dairekta mwenyewe. Wengine mtakaowaona humu wana kasoro zao, lakini ujinga wa siku ile ulikuwa wake, na aliulipia kwa mshono wake mwenyewe.

Hakuwa dairekta wa kitu chochote. Alikuwa na kamera aliyoiokota kwa mafundi redio, jicho zima, ndani tupu, na kofia aliyoivaa kisogo mbele. Mvua ndiyo iliyomwingiza kwenye ukumbi wa shule, katikati ya mkutano wa wazazi, naye akakaa karibu na soda. Mwalimu mkuu, mama mwenye miwani ya kamba, alikuwa akilalamika kwamba filamu ndizo zinazoharibu watoto: msichana anatazamana na mvulana, anatapika mara moja, tukio linalofuata mtoto kazaliwa kachanwa nywele.

"Laiti angetokea mtu akatupigia filamu ya kweli kuhusu mimba za utotoni," alisema, "wazazi tukashiriki wenyewe!"

Wazazi wakapiga makofi. Dairekta akaweka soda chini. Mwenye njaa husikia sahani hata ikiwekwa mtaa wa pili.

"Mwalimu," akasema akisimama, "dua yako imejibiwa, na imelowa mvua."

Wiki hiyo hiyo akakodi chumba nyuma ya saluni, akabandika karatasi mlangoni: USAILI. Mpango wake ulikuwa mdogo tu, achukue ada za usaili kisha aage mji. Hakujua kuwa amekalia mgodi. Aliyemfungulia ni muuza magodoro, baba mmoja mnene laini, utadhani sampuli ya bidhaa zake.

"Dairekta, binti yangu umempa nafasi gani?"

"Kubwa kuliko zote, mzee. Ndiye mwenye mimba."

Muuza magodoro akageuka akafunga mlango. "Binti yangu? Lakini watu wataitazama hiyo filamu!"

"Ndiyo kazi ya filamu, mzee."

"Basi awe daktari." Bahasha ikatua mezani.

Dairekta akaitazama kama mtu aliyeoneshwa njia ya mkato ya kwenda peponi. "Andika juu yake unachotaka, mzee wangu. Mimi msahaulifu."

Muuza magodoro akaandika: *Binti yangu asiwe na mimba.* Halafu akatia sahihi, maana mfanyabiashara mkono wake haujui kuishia njiani.

Akafuata karani wa benki, mama wa mvulana, ameingia akitabasamu. "Mimi wangu wa kiume, sina presha."

"Hongera, mama. Ndiye baba mtoto."

Karani akatafuta kiti kwa kupapasa. "Mwanangu? Hajui hata kufua soksi!"

"Kwenye hili, mama, soksi hazijawahi kumzuia mtu."

Bahasha ya pili: *Kijana wetu asihusike.* Huyo akafanywa mpita njia.

Baada ya siku tisa filamu ilikuwa na madaktari kumi na wanne, mahakimu sita na wapita njia ishirini na mmoja, wote wa kiume, wote wanapita kwa haraka. Mimba ilikuwepo, ila haikuwa na msichana wala mvulana. Na kila mzazi aliamini kwamba yeye peke yake ndiye aliyelipa.

Muuza magodoro akarudi na ushauri wa bure. "Kwani lazima awepo mvulana? Sema ni simu."

"Simu imempa mimba?"

"Dairekta, hizi simu za siku hizi usizione hivi."

Msichana alipatikana kwa fundi cherehani. Dairekta alikwenda kuagiza tumbo la kitambaa, la miezi minane, lenye mikanda ya kufungia mgongoni. Akamkuta binti wa fundi, miaka kumi na saba, anashona vifungo huku mtoto wake wa miezi tisa kalala mgongoni.

"Wewe una uzoefu," Dairekta akamwambia.

"Ninao. Skripti yako ndiyo haina." Alikuwa ameshaisoma yote, kurasa tatu. "Natapika, nazimia, baba ananifukuza, mwisho. Sasa anayeamka usiku kubembeleza ni nani? Na baba mtoto yuko wapi?"

"Ni simu."

Binti akamtazama mpaka Dairekta akajikuta anaiweka sawa kofia. "Nitacheza," akasema. "Ila mwalimu mkuu kaniambia nafasi yangu darasani ipo, siku ada ya mwaka itakapofika mezani kwake. Hiyo ada ndiyo bei yangu."

"Tukimaliza tu kupiga picha, binti, siku hiyo hiyo unayo mkononi!"

Fundi akakata uzi kwa meno. "Tumesikia, mwanangu. Na yule mwenzio wa kwanza aliahidi hivyohivyo."

Kufikia hapo bahasha zilikuwa nyingi, na chumba cha Dairekta kilikuwa na mlango wa heshima tu, paka akiegemea unafunguka. Mtu wa kawaida angezificha chini ya godoro. Dairekta akafikiri kisanii: ni kitu gani katika mji mzima huu ambacho hakuna mtu atakayekubali hata kukigusa? Akafumua tumbo, akatoa pamba, akatia bahasha, akashona kwa mshono wa kiume. Msichana akishafukuzwa kwenye filamu atatokea mlango wa nyuma. Hapo tumbo litavuliwa "kwa marekebisho", na litapanda basi pamoja na mrekebishaji.

Siku ya kupiga picha watu walijazana sebuleni kwa muuza magodoro. Fundi akamfunga binti yake mikanda, akapapasa tumbo, akapapasa tena.

"Dairekta, pamba niliyotia mimi haikuwa na kona."

"Miezi minane hiyo, fundi! Mtoto ana viwiko, ana magoti."

"Ahaa." Akatoa sindano kifuani. "Basi ngoja nimkazie uzi, asije akazaliwa kabla ya wakati."

Akamnong'oneza binti yake neno. Dairekta akadhani wanaombeana.

Kamera ikawashwa, yaani Dairekta akabana tochi nyekundu kwa kidole gumba. Muuza magodoro, aliyejinunulia pia nafasi ya baba, akanyoosha mkono: "Toka kwangu!"

Binti akatoka. Mlango wa mbele.

"Kata!" akapiga kelele Dairekta. "Binti, nimesema kata!"

Binti hakukata. Alishika tumbo kwa mikono miwili akashika barabara, fundi nyuma yake na mjukuu mgongoni, madaktari wote na wapita njia wote wakifuata huku wakipiga makofi. "Kipaji hicho!" alisema karani wa benki. Dairekta akamfikia kwenye kona ya shule, akalidaka tumbo. Kofi la muuza nyanya likamfikia yeye.

"Mwanamume mzima unamvuta mjamzito tumbo!"

"Si mjamzito, mama! Hakuna mimba hapa!"

"Ndivyo mnavyokanaga!" Na la pili.

Dairekta alipoingia ofisini kwa mwalimu mkuu, kofia imebaki barabarani, tumbo lilikuwa juu ya meza na mkasi wa fundi umeshapita. Bahasha zikamwagika. Mwalimu mkuu akarekebisha miwani, akasoma: "*Binti yangu asiwe na mimba.* Hii sahihi kama naijua."

Muuza magodoro akavutiwa ghafla na dari. "Sahihi zinafanana sana, Mwalimu."

"*Kijana wetu asihusike.*"

Karani wa benki akaanza kutafuta kitu ndani ya mkoba, akakitafuta kwa muda mrefu.

"Mwenye bahasha yake aje achukue," akasema mwalimu mkuu. Hakuna aliyenyoosha mkono. Ofisi nzima ikawa ya wapita njia.

"Basi ni ada ya mwaka, Mwalimu," akasema fundi, "na itakayobaki ni maziwa ya mjukuu."

"Ni zangu!" Dairekta akapasua katikati ya watu. "Tumbo langu, nimeliagiza mimi! Kilichomo changu! Kila kitu changu!"

Binti akafungua mkanda wa mwisho, akakunja kitambaa vizuri, akamgeukia kwa adabu zote.

"Dairekta, shikamoo. Wazazi wote hawa walikulipa ili tumbo hili lisiwe na mwenyewe. Wewe umemlipa nani mpaka liwe lako?"