Saluni Iliyorithi Kliniki ya Meno

Jumatatu, 4 Machi
Mama wa mchumba wangu anataka programu ya kuwakumbusha wateja wa saluni yake siku zao za miadi. Nimeahidi kuikabidhi Jumatano. Akipendezwa, posa itapita bila maswali. Kobe, mwenzangu wa ofisini, anasema hiyo ni kazi ya wiki nzima. Ndiyo maana tunamwita Kobe.

Jumanne, 5 Machi
Nimemaliza kabla ya chai ya saa nne! Mwaka jana niliiandikia kliniki ya meno programu. Leo nimeongeza mstari mmoja tu wa amri kwa kompyuta: Saluni ni mtoto wa Kliniki, arithi kila kitu. Nikabadilisha jina na rangi. Kobe akachungulia, akaguna.
"Saluni si kliniki," akasema. "Saluni ina kalenda, na kliniki ina kalenda. Itoe kalenda, iwe kipande peke yake, kila mmoja akitumie."
Wivu huo.

Alhamisi, 7 Machi
Wateja wamepokea ujumbe: wasile chochote tangu asubuhi, na waje na ndugu wa kuwarudisha nyumbani. Saluni imejaa waume wenye wasiwasi. Bibi mmoja amezirai kwa njaa katikati ya kusukwa. Nimeuzima ujumbe huo. Sikati tamaa.

Ijumaa, 8 Machi
Urithi hauishi. Kila aliyesukwa jana ameulizwa kama damu imeacha kutoka. Aliyenyolewa ameshauriwa asukutue kwa maji ya chumvi. Nikaona nimalize mambo: nikaingia kwa mzazi mwenyewe, Kliniki, nikafuta maelekezo yote. Saa moja baadaye daktari wa meno akapiga simu. Wagonjwa wake wanakuja wameshiba.
Kisha akapiga mama wa mchumba wangu. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha.
"Mwanangu, binti nitakupa. Saluni yangu niachie."

Jumatatu, 18 Machi
Kazi amepewa Kobe. Kalenda kipande kimoja, kutuma ujumbe kipande kingine, akaviunganisha. Hakuna aliyezirai. Daktari wa meno naye ameomba vipande hivyohivyo. Jana Kobe alialikwa chakula cha mchana kwa mama, akaketishwa karibu na mchumba wangu.

Jumanne, 19 Machi
Nimetafakari sana. Kosa langu ni moja: nilichagua mzazi mbaya. Leo amekuja mwalimu wa udereva, naye anataka programu. Safari hii mzazi atakuwa saluni ya Kobe, maana haina kasoro. Gari lina nini? Viti na vioo. Hiyo ni saluni kabisa. Nimemwahidi kesho asubuhi.