Jicho Kubwa kama Sahani

Jumatatu, tarehe 3 mwezi wa sita
Mama Agnès, mujane muuza samaki ndagala, anatafutwa kwa ndoa na wazee wawili. Papa Michée, mashinisti wa treni wa zamani, ana kostimu, koti na suruali za rangi moja. Na mimi Hippolyte, niliyemupiga mamba kofi kule Zongwe mpaka akaomba radhi. Jumapili kaka zake Agnès wanakuja toka Kongolo, pamoja na mama yao. Atawaonyesha mwanaume mumoja tu. Nimemuambia Prospère, kijana muchoraji, anichore tablo kubwa, picha ya sura yangu, tuitundike kwa salo ya Agnès, pale wageni wanakaa, mbele hawajafika.

Jumatano
Tablo imeisha. Nimeiona, nikatafuta mulango. Jicho moja kubwa kama sahani, lingine dogo limekimbilia kwenye shavu. Mudomo umeshuka mpaka kwenye tai. Uso wa kijani. Nikamuuliza Prospère kama mimi ni muntu ao samaki wa juzi. Akasema hii njo uchoraji wa sasa: sura iko kwa kioo, yeye anachora moyo. Eti nikimutaja Agnès jicho linavimba. Eti lile dogo ni woga. Woga, mimi? Mamba anajua.

Alhamisi
Akili haizeeki. Nimemupelekea Agnès tablo, nikasema huyu njo Michée, muntu mwenyewe, ili amukatae. Akaiangalia muda murefu. Akaacha kupima ndagala. Akasema masikini, huyu muzee anaogopa kula peke yake, sawa na mimi. Hakujua Michée ana moyo hivi. Jumapili atawaonyesha huyu.
Nilirudi nyumbani kwa njia ndefu.

Ijumaa
Nimekwenda kusema ni mimi. Agnès akacheka: jana Michée, leo weye, Papa Hippolyte, kesho itakuwa askofu? Nikasimama kando ya tablo, nikatoa jicho, nikavuta mudomo. Muteja mumoja akauliza kama nahitaji maji.
Michée akaingia na kostimu yake. Angenyamaza tu, angeoa. Lakini muntu wa treni hajui kukata kona. Akasema: si Hippolyte huyu? Hilo jicho analitoa kila nikimushinda kwa muchezo wa dama.
Agnès akafikiri. Akasema sawa, anamuchukua wa kwenye tablo. Huyu anayeongea afunge mudomo mpaka wageni warudi kwao.

Jumapili
Kaka zake wamenipokea. Nilinyamaza vizuri, mpaka soda ya pili. Mukubwa wao akauliza nani alichora kitu kinachomugusa muntu hivi. Agnès akanikanyaga muguu. Nikasema ni mimi, kwa mukono wa kushoto.
Wamefurahi sana. Wamesema kesho asubuhi nimuchore mama yao, wote wakiangalia, kisha njo tutaongea mahari.
Nimeazima brosi ya kupaka chokaa kwenye kuta. Mama wa watu hajui bahati yake.