Bugaluu za Magunia ya Pareto

Jumapili, 6 Agosti 1972

Naanza kuandika leo. Daftari nimelishona mwenyewe kutokana na risiti za zamani za chama cha ushirika. Upande mmoja una uzito wa pareto ya Mama tangu 1968. Upande wa pili ni mweupe. Mama anasema mtu wa miaka ishirini na mitatu anayekaa bure aandike walau jambo moja la kushukuru kila siku. Nimekubali. La leo: upande mweupe.

Sasa habari yenyewe. Mpiga kayamba wa bendi ya Nyamongo ameoa na kuhamia Kericho. Nafasi iko wazi! Miaka miwili nimesimama mbele ya spika ya bendi ile mpaka sikio la kushoto limepungua nguvu. Nani anastahili kunishinda?

Thadeus anadhani ni yeye. Thadeus ana kaka Nairobi, na kaka huyo humtumia suruali za tetroni. Hana sifa nyingine. Kayamba huipiga kama mwanamke anayepepeta wimbi.

Tumemfuata Nyamongo nyumbani kwake, kila mtu na kayamba yake. Ametusikiliza mpaka mwisho. Akasema sote wawili ni wabaya, na ubaya wetu unalingana, kwa hiyo ataamua kwa njia nyingine. Jumapili ijayo saa nane mchana bendi itapiga katika ukumbi wa Mzee Abdinasir, Keroka. Bendi za Kisumu huvaa sare; yake huvaa nguo za kuchuma chai. Atakayeleta suruali tano za bugaluu, zile za miguu mipana chini, zinazofanana, ndiye mpiga kayamba.

Thadeus akasema atamwandikia kaka yake. Barua ni siku tatu kwenda, siku tatu kurudi. Nimeishukuru posta.

Jumatatu, 7 Agosti

Kitambaa sina, wala pa kukipata. Nimezunguka Keroka asubuhi nzima nikitazama chini. Ajabu vitu watu wanavyotupa! Nyuma ya hoteli: vizibo vya soda sitini na viwili. Ukivigonga kwa nyundo ni vifungo. Kwa fundi wa baiskeli: mipira ya ndani iliyotoboka. Mikanda. Stendi ya malori: tairi lililopasuka. Akala za tabaka nne, yaani raizoni kamili, kisigino juu kama za kwenye picha za magazeti.

Suruali ikabaki kitendawili. Nikajilaza stoo kufikiri. Nikatazama juu. Magunia ya Mama ya pareto! Matano, imara, yanafanya kazi mara moja tu kwa mwezi. Ukilitazama gunia kwa makini utaona miguu miwili ndani yake.

Nimemwambia Mama kwamba magunia yanahitaji kupigwa hewa. Amesema sawa, ila nisisahau kwamba Jumatatu ijayo ni zamu yake ya kupeleka maua ya pareto. Chama hakipokei pareto ya kwenye karai. Asiye na gunia lenye namba yake hurudishwa nyumbani kungoja mwezi mwingine, na kufikia hapo maua yamevuta unyevu na kuoza. Ndiyo mavuno ya mwezi mzima. Nikamhakikishia kwamba Jumatatu magunia yatakuwepo. Ni kweli. Umbo hakuuliza.

Dada yangu Bochaberi, ambaye yuko likizo kutoka shuleni Sironga, aliuliza tangu lini gunia likapumua. Msichana huyu amesomeshwa kupita kiasi.

Jumanne, 8 Agosti

Rangi. Kila mtoto wa huku anajua kwamba utomvu wa mgomba ukigusa shati hautoki tena. Nilichapwa kwa ajili hiyo mwaka 1955, 1956 na 1958. Wengine waliona shati limeharibika. Mimi leo nimeona rangi ya bure.

Nimekusanya migomba iliyokwisha kukatwa mikungu, ile inayoachwa ioze, nikayasugua magunia kutwa nzima ndani ya kibanda cha kuni. Yametoka ya kahawia iliyokoza, kama kiatu kipya. Mikono yangu pia.

Nimepiga chafya mara kumi na nne. Mafua, nadhani. Nzi wote wa kibandani wamekufa. Sijui wana nini.

Mama ameiona mikono, akauliza. Nikasema nilikuwa nasafisha migomba. Akamshukuru Mungu kwa sauti. Nilijisikia vibaya kwa dakika kadhaa.

Jumatano, 9 Agosti

Bi Mariam, anayeshona kwa cherehani kwenye baraza la duka la Gulled, amekubali kazi. Mimi nitamchotea maji mwezi mzima.

Alilishika gunia la kwanza, akapiga chafya mbili. Akasema, "Mwanangu, hili limejaa vumbi la pareto. Kalifue mara tatu, ulianike, ndipo uniletee."

Nilimshukuru kwa ushauri. Nikayabeba magunia mpaka nyuma ya duka, nikafikiri. Gunia likifuliwa hulegea. Bugaluu iliyolegea ni suruali ya babu. Upindo lazima usimame wazi kama kengele. Vumbi ndilo wanga wake! Nikakaa nyuma ya duka nusu saa, nikayanyunyizia maji kidogo juu juu, nikarudi nayo na kusema tayari.

Bi Mariam aliyatazama magunia, akanitazama mimi, akatazama jua. Akasema mimi ni mtu mzima. Kisha akajifunga mtandio puani na kushika mkasi.

Ijumaa, 11 Agosti

Suruali tano! Zimemalizika saa kumi, kabla Sabato haijaingia. Bi Mariam hushona mara mbili mbili. Mshono wake hauachii hata ukiuvuta na ng'ombe. Kilichonunuliwa dukani ni uzi peke yake. Namba ya Mama ya ushirika imeangukia matakoni, nyeusi na kubwa, sawasawa kwa suruali zote. Sare kabisa.

Nyamongo ameijaribu moja. Alipoivua ilibaki imesimama yenyewe ukutani. Amesema inachoma kidogo lakini umbo lake hajapata kuliona Kisii nzima. Kayamba ni yangu kama Jumapili itapita salama.

Thadeus akaja na barua, iliyopitia kwa kondakta wa basi badala ya posta. Kaka yake anayo suruali moja tu, ile aliyoivaa. Nilitegemea aone haya. Badala yake aliuliza mbele ya watu kama suruali zangu zinauzwa kwa kilo au kwa debe. Wakacheka. Jibu zuri sana lilinijia nilipofika nyumbani.

Jumamosi, 12 Agosti

Kanisani. Wakati wa shuhuda Mama alisimama akashukuru kwamba kijana wake amebadilika: anasafisha migomba, anapiga magunia hewa. Watu wakageuka kuitazama mikono yangu. Bochaberi akashikwa na kikohozi.

Nimeshukuru kwamba shuhuda zilikuwa nyingi na wa Mama haukuwa wa mwisho.

Jumapili, 13 Agosti

Naandika mambo kama yalivyotokea.

Ukumbi ulijaa. Watu kama mia mbili, karibu wote wamesimama, kwa sababu madawati ya Mzee Abdinasir yana kunguni ambao sifa zao zimefika Sotik. Bendi ilipanda jukwaani saa nane na dakika kumi. Bugaluu tano za kahawia, vifungo vinang'aa, raizoni za tairi. Ukumbi ukalipuka! Mama mmoja nyuma alipiga kigelegele. Nikapiga kayamba kama mtu aliyezaliwa nayo.

Wimbo wa kwanza: safi.

Wimbo wa pili: joto. Paa ni la mabati. Jasho likaanza. Mpiga ngoma akapiga chafya, akaikosa ngoma, akampiga mpiga besi begani.

Wimbo wa tatu: Nyamongo akarusha mguu kama kawaida yake. Wingu la vumbi likatoka kwenye bugaluu. Watu wakashangilia, wakidhani ni mtindo. Naye, kuwafurahisha, akarusha mara ya pili, na wenzake wakamfuata. Mstari wa mbele wote ukapiga chafya. Kisha wa pili. Midomo ya Nyamongo ikafa ganzi. Akauimba ubeti wa mapenzi kama mtu aliyetoka kung'olewa jino. Msichana mmoja mbele yangu alimwuliza mwenzake kama yule baba analia.

Wimbo wa nne haukufika mwisho. Mpiga besi alivua bugaluu yake nyuma ya pazia akaendelea kupiga na kaptula ya ndani, gitaa limemsitiri. Naandika hili kwa heshima. Ukumbi ukamwagika nje, na nje mvua ya mchana ilikuwa imeshaanza.

Thadeus alikuwa barazani, mkavu, ndani ya tetroni. Nyamongo alinichukua kayamba mkononi, taratibu, kama anavyonyang'anywa mtoto kisu, akampa yeye. Nami nikarushiwa suruali zote tano. Nimepanda nazo mlimani. Magunia hakuna. Kesho ni Jumatatu.

La kushukuru: mvua, haikuonekana kwamba nalia.

Jumatatu, 14 Agosti

Saa kumi na mbili asubuhi nilimwambia Mama yote. Ilichukua dakika arobaini. Hakupiga kelele, jambo lililonitisha zaidi. Alizitandaza suruali uani, akazizunguka mara mbili. Akamtuma Bochaberi kuwaita wanawake wanne wa kikundi chake cha kulimiana, ambao leo ilikuwa zamu yao kumbebea mzigo.

Walikuja na sindano na visu wafumue mshono tushone magunia upya. Mshono wa Bi Mariam ukawashinda. Saa mbili ikagonga. Mizani hufungwa saa nne, na njia ni ya saa nzima. Nikaanza kueleza. Mmoja akaniambia, "Wewe Mogire, funga mdomo, lete kamba za mgomba."

Mama ndiye aliyepata akili. Alifunga suruali ya kwanza miguuni kwa kamba, akaipanua kiunoni, akaanza kumimina maua. Ikajaa. Ikanenepa mapaja. Ikafungwa kiunoni kwa mkanda wa mpira wa baiskeli. Nyingine nne vivyo hivyo. Kisha wanawake watano wakaziinua mabegani, miguu ikining'inia mbele, wakashika njia. Ukiwatazama kwa mbali, kila mmoja amebeba mwanamume mnene asiye na kichwa.

Keroka nzima ilitoka kutazama. Mama mmoja muuza ndizi aliuliza wamewapata wapi wanaume watulivu namna ile, naye anataka mmoja. Mama yangu alicheka mpaka akautua mzigo chini. Sijamwona akicheka hivyo tangu Tata, baba yetu, afariki.

Karani wa chama alizizunguka. Alifungua kitabu cha kanuni, akasoma, akageuza ukurasa, akasoma. Akasema kanuni inadai gunia lenye namba ya mkulima, na namba ipo, ingawa mahali ilipo hapajampendeza. Kuhusu miguu, kanuni haikusema kitu. Akapima. Maua makavu, daraja la kwanza, hakuna kilichorudishwa. Mama ameniambia magunia yabaki hivyo hivyo; yana mahali pazuri pa kushika.

Hayakuisha. Mzee Abdinasir akanitumia ujumbe niende ukumbini. Nilienda nikijua ni kipigo. Nilimkuta ameshika ufagio, na mbele yake karai. Ndani ya karai: kunguni. Wote wafu! Amesema amepigana nao miaka kumi na miwili kwa maji ya moto na mafuta ya taa, na leo asubuhi amewakuta chini ya madawati wamelala chali, wameuawa na vumbi la pareto. Akanishika mkono mara mbili. Akaniita mwanangu.

Nyamongo aliitwa pia, midomo imemrudia. Mzee amempa ukumbi bure Jumapili moja kila mwezi, kwa sharti kwamba kijana wa magunia aje kwanza. Mpango ni huu: saa nne asubuhi naingia peke yangu nimevaa bugaluu, milango imefungwa, nacheza na kurusha miguu kwa saa mbili. Kisha nafagia, nafungua madirisha, natoka. Saa nane bendi inapiga na Thadeus kwenye kayamba.

Nikauliza kama hiyo ina maana nimeingia bendini. Nyamongo alilitazama karai. Akasema kwa namna fulani, ndiyo.

Nimo bendini! Na mimi ndiye wa kwanza kupanda jukwaani. Nimewashukuru wote mmoja mmoja: Mama, wanawake wanne, karani, Mzee, Bi Mariam na uzi wake, hata Thadeus. Alishtuka sana.

Jumanne, 15 Agosti

Nimeamka na wazo.

Kwaya ya vijana ya Ekerenyo itaimba kwenye ubatizo mtoni Sabato ijayo. Mvua ni ya hakika, na makoti ya mvua hawana. Fundi anayejenga darasa kule Sironga ametupa mifuko ya saruji arobaini. Karatasi tabaka tatu, imara, imechapwa maandishi mazuri! Kila mfuko ni joho moja, ukiutoboa shingo na mikono. Nimeshawaahidi. Mwalimu wao amenishukuru mpaka nikaona haya.

Bochaberi ameniuliza kama sikumbuki kitu chochote cha wiki hii. Nimemwambia nakumbuka kila kitu, nimekiandika.

Bi Mariam yeye amesema niikung'ute mifuko kwanza, ndani na nje, kisha niipanguse vumbi lote la saruji kwa kitambaa. Nimemshukuru kwa ushauri. Lakini nimeupapasa mfuko mmoja kwa ndani, na vumbi lenyewe ni laini kama poda ya mtoto. Linaipa karatasi uzito, joho linakaa vizuri mabegani. Na watakuwa mtoni, maji yamewafika kiunoni. Litaoshwa lenyewe.