Bastola ya Marehemu na Kopo la Rangi ya Fedha

Jumatatu, 4 Machi

Bahati imebisha hodi! Shangazi anauza bastola ya marehemu mumewe. Polisi wameikagua, haina risasi, karatasi zote zipo. Alhamisi atakuja mama mmoja mwenye leseni ya kununua silaha. Shangazi anataka kujua mapema kama ni chuma cha maana au takataka, asije akapunjwa. Atakayemsaidia atapewa chumba cha mbele, kile kinachotazama barabara. Hapo ndipo litakapokaa duka langu. Pasi, feni, cherehani: vyote vimetumika, vyote vinang'aa.

Tatizo ni Shemeji, mume wa dada yangu. Naye anakitaka chumba kwa duka lake. Anasema silaha anazijua, alilinda benki miaka mingi. Alilinda kwa kirungu!

Jumanne, 5 Machi

Ukaguzi sebuleni. Magazini, kile kikasha cha risasi, inaingia kwenye mpini, chuma cha juu kinarudi nyuma, inajipakia yenyewe. Hayo niliyasoma jana. Nimeigonga kwa ukucha, kama ninavyopima sufuria. Sauti safi. Nimeiweka kwenye mizani ya jikoni. Uzito wa kuku mdogo. Nikatangaza kuwa ni mali ya hali ya juu. Shangazi akauliza imetengenezwa wapi. Nikasema nje. Akauliza nje wapi. Nikasema nje kabisa.

Shemeji hakuigusa. Alijilaza kwenye kochi, mikono mfukoni, akafumba jicho moja, akasema ni feki: bastola ya kweli ina kile kidude kinachozunguka, kama kwenye sinema. Nilicheka mpaka chai ikanitokea puani.

Ila sura ya bastola hairidhishi. Weusi umechujuka, na mtu kaichorachora tarakimu kila upande, kama dawati la shule. Nani atatoa pesa nzuri kwa kitu kama hicho?

Jumatano, 6 Machi

Shangazi kaenda kliniki. Ufunguo wa kabati la bastola najua unakaa wapi: ndani ya birika la wageni. Msasa laini kwanza. Halafu rangi ya fedha, mara mbili. Tarakimu zote zimefutika. Inang'aa kama kijiko kipya! Nimeirudisha ikiwa inanata kidogo. Imeshikana na kitambaa inachofungiwa. Si neno.

Shemeji amekwisha.

Alhamisi, 7 Machi

Mama wa silaha alikuja, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba. Kabla ya lolote alitaka kuhakikisha haina risasi, ingawa tulishamwambia. Chuma cha juu kikagoma. Rangi. Akavuta tena, kikaachia kwa mlio wa plasta inayobanduka. Akauliza kwa upole nani kafanya hivi. Shemeji alininyooshea kidole kabla swali halijaisha.

Mama akatueleza. Bastola ya zamani hupimwa kwa rangi yake ya kiwandani, hata ikiwa imechujuka. Halafu nambari. Zikilingana kwenye kila kipande, basi haijabadilishwa kitu. Kumbe ile michoro ya dawati ndiyo nambari zenyewe! Moja tu imepona, iko ndani, msasa haukufika. Inalingana na ya kwenye kibali. Bila hiyo, alisema, Shangazi angelala akijieleza kituoni.

Nikauliza sasa ina thamani gani. Akasema bei ya pasi nzuri. Nikamwambia pasi nzuri ninazo. Hakuna aliyecheka.

Shangazi alisukuma kikombe chake pembeni. Kisha akasema Shemeji ni mjinga, lakini angalau ni mjinga aliyeweka mikono mfukoni. Chumba cha mbele ni chake.

Jumapili, 10 Machi

Nimepewa chumba cha nyuma, kando ya tangi la maji. Kimetulia. Shangazi ameanza kuitikia salamu zangu.

Nimeamua kupatana na Shemeji. Leo kaleta saa ya ukutani ya babu yake, ipambe duka lake. Kaniachia niitunze wakati anatafuta msumari. Anasema ni ya thamani kubwa. Maskini! Uso wa saa umekuwa wa manjano kama meno ya mvuta sigara, na mgongoni mtu kaichorachora tarakimu.

Kopo la rangi limebaki nusu, na msasa upo. Akirudi na msumari wake, hataamini macho yake.