Karatasi za Njano Zimekwisha

Jumatatu, 3 Machi

Bosi katangaza: programu ya kupangia wagonjwa miadi ikabidhiwe kwa daktari Alhamisi, na atakayeisimamia vizuri ndiye mkuu wa kitengo. Mkuu ni mimi! Nani mwingine? Nimesoma kitabu cha utaratibu wa kazi, karibu nusu. Nikabandika ukutani vichwa vitatu: BADO, INAFANYWA, TAYARI. Kila kazi karatasi yake. Kosa likionekana, karatasi ya njano. Pasipo karatasi, hakuna kugusa kitu. Miwani, mpinzani wangu, akasema sisi tuko wanne na meza ni moja, si tuulizane tu? Wivu huo.

Jumanne, 4 Machi

Kikao cha asubuhi, cha kusimama ili kiwe kifupi: dakika kumi. Tumesimama kwa muda wa saa mbili. Shemeji, niliyemtafutia kazi mwenyewe, akaketi sakafuni. Dada Mkaguzi, anayeijaribu programu, akaniambia ina kosa: wagonjwa wote inawapangia saa tatu asubuhi. Nikamwuliza karatasi iko wapi. Akasema za njano zimekwisha. Basi asubiri, nimeshaagiza. Utaratibu ni utaratibu.

Jumatano, 5 Machi

Balaa! Shemeji kawasha feni. Karatasi zote chini. Nimezirudisha kwa kumbukumbu, na mimi ni mtu wa matumaini: karibu zote zimeangukia TAYARI. Bosi akapita, akautazama ukuta, akanipa mkono. Miwani akaguna. Aendelee kuguna.

Alhamisi, 6 Machi

Daktari kaja. Akajaribu wagonjwa arobaini. Wote saa tatu, chumba kimoja. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Bosi akamwuliza Dada Mkaguzi kama hakuliona kosa hilo.

"Nililiona Jumanne," akasema. "Nasubiri karatasi ya njano."

Miwani akasogeza kiti chake hadi kwa Dada Mkaguzi, wakaelezana, wakarekebisha kabla chai ya daktari haijapoa. Ukuu kapewa Miwani. Kafuta sheria zangu zote, kabakisha kile kikao cha asubuhi, tena eti kitaisha kwa dakika kumi kweli. Imeniuma, sitalidanganya daftari.

Ijumaa, 7 Machi

Nimetafakari sana. Tatizo lilikuwa gundi. Nimenunua pini, na karatasi za njano mabunda sita. Nimeanza upya nyumbani, ukuta wa jikoni. Mke wangu akatazama, kisha akachukua karatasi, akaandika "Mume", akaichoma kwa pini chini ya BADO.

Angalau yuko mmoja aliyeuelewa utaratibu wangu.